Mdaa Kwenye Kikombe cha Somoe

Kwa mwanangu Zainabu,

Marahaba mwanangu. Najua ukiifungua karatasi hii huko ulipo utaniamkia kwanza ndio usome, kwa hiyo nimeshakuitikia kabisa.

Sie huku wote wazima. Baba yako hajambo, yupo lindoni kwake Kurasini, kabadilishana zamu na mwenzake ili kesho akusindikize uwanja wa ndege. Nasikia kila dereva wa lori anayeingia kuchukua kontena anaambiwa mwanangu anapanda ndege, hata asiyeuliza. Kaka yako Hamisi hajambo, analalamika kiuno tu. Wifi yako Tatu hajambo, hapa yupo jikoni anakukaangia visheti, na kila nikigeuka naona vinapungua, namshuku yeye mwenyewe. Shabani wao hajambo, leo tena tumemtoa ndani ya begi lako, anasema na yeye anakwenda Afrika Kusini kuua panya. Jirani yetu Mama Neema hajambo, kakuletea sweta, anasema baridi ya huko ni kama ya kwao Upareni, usiidharau. Bibi yako Lindi anakusalimu, kasema ukifika uoge maji ya moto. Na mama yako mdogo Somoe anakusalimu. Huyo nimemweka mwisho, maana habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Hapa ninapoandika bado upo mjini. Umekwenda Segerea kumuaga baba yako mkubwa, na foleni ya huko naijua, mpaka urudi mie nitakuwa nimemaliza. Nimekaa uani. Somoe yupo chumbani kalala, au anajifanya kalala. Kuta zetu unazijua, mtu akikohoa kwetu, kwa Hamisi wanasema pole. Ndiyo maana sikusema kwa mdomo. Na simu nayo haifai kwa maneno kama haya, maana wewe kwenye simu hunipi nafasi, "Mama subiri, mama sikia, siyo hivyo mama." Karatasi hainikatizi. Mwandiko usiucheke, darasa la tano ndiko nilikoishia, na tangu hapo mkono huu umeshika ukindu kuliko kalamu.

Barua hii naikunjia ndani ya sweta la Mama Neema. Nimefanya makusudi uikute huko. Ungeisoma hapa ungeshusha begi, nakujua.

Habari za kuvaa vizuri, kula, kusali, sijui kutotembea na nani, hizo baba yako amekupa za kutosha na mie sina la kuongeza. Ninalotaka kukwambia ni la rangi.

Unakumbuka ulivyorudishwa nyumbani na mwalimu, yule wa shule ya msingi, kwamba umekuja darasani na hina? Vidole vyote mpaka kwenye viungo vya kahawia. Nikakushika mkono tukarudi wote, nikamwekea mwalimu mikono yangu juu ya meza yake. "Mwalimu, na mie nimepaka hina? Huu ni mdaa. Ni mizizi, tunaichemsha inatoa maji mekundu, tunatia rangi ukindu wa mikeka. Huyu mtoto kanisaidia jana." Akasema basi akanawe. Nikamwambia nenda kamnawishe wewe, ukiweza nitakuletea mkeka wa bure. Darasa zima likacheka. Njiani ukaniuliza kwa nini hautoki. Nikakujibu hautoki kwa sababu ni mdaa. Jibu gani lile? Lakini wewe hukuliacha swali, umekwenda nalo mpaka chuo, na leo ndilo linalokupandisha ndege kwenda kuupima mdaa. Mie mwenyewe nikiwaza nachoka.

Sasa nisikilize hapo uliporudi likizo iliyopita. Uliingia hata viatu hujavua, ukanionyesha picha kwenye simu. Picha moja vitone vimejaa kama mayai ya chura. Picha nyingine vitone vimesinyaa, vimetawanyika. Ukasema, "Mama, hizi ni seli za saratani, na hapa tumeziwekea ile rangi ya mdaa, tumeikamua kutoka kwenye mizizi uliyonipa." Nikakuuliza zimekufa? Ukasema zimekufa. Nikapiga vigelegele mpaka Mama Neema akachungulia ukutani akidhani posa imeletwa.

Ulisema na mengine. Leo nayakumbuka yote, ndicho kinachoniuma. Ulisema, "Mama, tulia kwanza. Kwenye kile kisahani hata ukimwaga sabuni ya unga zinakufa. Kuua siyo kazi. Kazi ni kuziua hizi mbaya na kuziacha nzima zile nzuri, na mdaa hatujui bado kama unachagua. Bado kuujaribu kwa panya, na baada ya panya bado safari ndefu, na nyingi zinaishia njiani." Umesema yote hayo umesimama palepale, mkononi simu. Mie sikio langu lilishafunga mlango kwenye neno "zimekufa".

Kesho yake tumekaa barazani kwa Bi Hadija tunasuka, wanawake wote wale, nikawaambia. Mwanangu kapata dawa ya kansa. Ni mdaa huuhuu, tunaumwaga kila siku mferejini kumbe tunamwaga uhai. Nilisema hivyo, Zai, kwa maneno hayohayo, na Somoe alikuwa pembeni yangu anachambua ukindu, kichwa kimefungwa kitambaa kwa sababu nywele zilikuwa zimeshatoka kwa dripu za saratani yake. Aliuliza tu, "Wa mizizi au wa magome?" Nikamjibu wa mizizi. Nikajibu kwa furaha.

Maneno yakatoka barazani yakaenda yanakojua. Siku moja niko sokoni Rangi Tatu natafuta nazi, akanifuata yule bwana wa kipaza sauti, anayeuzaga dawa za chupa pale karibu na stendi, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo na mikosi, vyote chupa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, si wewe mama yake yule daktari wa mdaa?"

"Mwanangu hajawa daktari. Anasoma."

"Hakuna shida mama. Sie tunaomba picha yake moja tu, ile ya koti jeupe. Tunaibandika kwenye chupa."

"Bandika ya mama yako."

Akacheka, hana haya. "Mama mkali! Sasa mama yangu, dunia nzima inajua mdaa unaua kansa, wewe unaubania wa nini?"

"Dunia gani? Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe? Uliwaambia wenzako kwenye mikeka."

Nazi sikununua, nikarudi zangu. Nilijua siku ile kwamba kuna jambo nimelifungua, na siwezi kulifunga kwa kwenda nyumba kwa nyumba nikisema jamani nilisikia nusu. Tangu hapo nashuku kila kitu. Nikiona mtu kabeba chupa yenye maji mekundu, namwangalia mpaka anageuza njia. Wananiambia nimekuwa na macho mabaya. Na yawe.

Na ndani ya nyumba yangu ndimo nilimochelewa kuangalia.

Mama yako mdogo siku za kliniki anajua kujipamba. Anavaa baibui lake lililonyooshwa, anachukua kadi, anasema sitaki kusindikizwa, mie siyo mtoto. Jioni anarudi kachoka, plasta mkononi na pamba chini yake, tunampa uji analala. Mara ya mwisho alivyorudi hivyo, nikamletea uji, nikaiangalia ile plasta. Ilikuwa mkono wa kushoto. Zai, ulikuwepo siku ile wodini walipomtoa titi la kushoto, yule nesi mfupi alitusimamia wote akasema mkono wa upande huu usichomwe sindano tena, usipimwe hata presha, maisha. Kila akienda wanamchoma wa kulia. Mie nilikuwaga nahesabia hilo kama kitu cha kawaida, mpaka siku ile likanigonga. Nani kamchoma kushoto?

Sikuuliza. Nikaanza kuchunguza. Asubuhi anakunywa chai ya rangi peke yake, kabla hatujaamka, na kikombe anaosha mwenyewe, mtu ambaye tangu augue hatukumwachia aoshe hata kijiko. Siku moja nikawahi kuamka, nikakikuta kikombe kile cha bati kimeinamishwa. Ndani kuna duara. Nikakisugua kwa mchanga, kwa jivu, kwa sabuni ya kipande. Duara la chai linatoka, hata la kahawa linatoka. Lile likakaa palepale linaniangalia. Nikaenda kwenye debe la rangi kule nyuma ya choo. Unajua sie debe lile halichotwi kwa chombo cha ndani hata siku moja, tangu kwa bibi yako, hata mtoto mdogo anajua. Mfuniko ulikuwa umewekwa kinyume.

Nikamsubiri baba yako atoke, nikamfuata mama yako mdogo chumbani.

"Somoe, fungua mdomo."

"Kwani mie ng'ombe wa mnada?"

"Fungua."

Akafungua. Ulimi wa kahawia, fizi za kahawia, meno yote kingo zake.

"Nimepiga mswaki wa mdaa," akasema. "Mama anapiga mswaki wa mdaa maisha yake yote, mbona hukumkagua?"

"Mswaki haufiki kooni. Plasta ulibandikwa na nani?"

Hapo akacheka, Zai, akacheka kile kicheko chake cha pua. "Dada, Kurasini ungelinda wewe, mume wako akakae na ukindu." Akasema plasta alinunua duka la dawa, akaibandika mwenyewe nyumbani kwa Bi Hadija alikokuwa anashinda siku hizo za kliniki. Kajibandika kushoto kwa sababu mkono wa kulia ndio unaofanya kazi. Hakufikiria. Kwa hilo tu ndio nikamkamata.

Nikamuuliza kwa nini, mdogo wangu, kwa nini. Akaniambia hivi. "Ile ya hospitali nyekundu, wananitundikia kwenye chupa, inaniingia naiona. Natapika, nanyonyoka, kucha zinakuwa nyeusi. Hii nayo nyekundu, imetoka kwetu, inaua hizohizo seli, picha nimeiona kwenye simu ya mwanangu. Tofauti nini? Ile inatundikwa, hii inanywewa. Na hii hainitapishi."

Ni sisi tu, Zai, watu wa rangi, tunaoweza kukosea hivi. Maisha yetu yote tunalinganisha nyekundu na nyekundu, tukiona zimefanana tunasema debe moja. Hata mie nilisimama pale nikaona lina maana. Nikajishtukia. Hii hainitapishi! Sasa kama haigusi hata tumbo lake, uvimbe itaugusaje? Au inamgusa kwingine tusikokuona? Figo? Ini? Nani anajua? Wewe mwenyewe ulisema hamjui.

Nikamwambia basi twende tukamuulize Zai, si yupo hapa. Akakataa. Akanishika mkono akasema, "Nikimuuliza leo ataniambia bado wanapima, na atalia, na safari itaharibika. Mwache aende. Akifika kule kwenye mashine kubwa, atajua. Akisema mdaa haufai, nitarudi hospitali siku hiyohiyo, na kadi yangu nitaishika mwenyewe. Akisema unafaa, msinitundikie tena ile chupa." Akaniapisha nisikwambie kabla hujaondoka. Nikaapa. Ndiyo maana unasoma hii ukiwa umeshaondoka. Kiapo nimekitimiza herufi kwa herufi, na Mungu ananiona ninavyokizunguka.

Debe nimelitoboa. Nimechukua msumari na jiwe nikalitoboa chini matundu mengi, rangi yote ikaenda na mchanga. Bi Hadija ananiuliza mikeka ya Idi utaitia rangi kwa kitu gani, nikamwambia mwaka huu watu watakalia mieupe. Lakini mizizi inapatikana popote, na Somoe ana miguu. Juzi nimeona kiroba kidogo chini ya kitanda chake, akasema ni mihogo mikavu. Mihogo mikavu chini ya kitanda?

Nikuambie la bibi mkubwa, mama yake bibi yako, sijawahi kukusimulia vizuri. Alipopata ule uvimbe shingoni nilikuwa msichana. Akaletwa mganga, mtu mpole, kanzu safi, sauti kama ya kumbembeleza mtoto. Kila tulichomuuliza alikuwa na jibu. Atapona? Atapona. Siku ngapi? Akataja. Na akizidiwa? Hazidiwi. Nilimpenda mno mtu yule kwa sababu hakutuacha na swali hata moja. Tulimzika bibi tukiwa bado tunasubiri siku aliyotaja. Tangu hapo mtu wa dawa ambaye neno "sijui" halimo mdomoni mwake, mie namwogopa. Ndiyo maana wewe nilikuamini. Ulikuwa unasema sijui, mama, sijui bado. Nilikuamini, halafu nikaenda barazani nikasema kama yule mganga.

Sasa nitakwambia jambo, usinune. Hata wewe nakushuku. Mdaa ndio uliokusomesha mara mbili, kwanza kwa mikeka, sasa kwa hizo picha. Unaupenda. Nimekuona ukiongea habari zake macho yanavyowaka, na mtu akipenda kitu hivyo, ulimi wake unakuwa mzito kukisema vibaya. Yule profesa wako wa huko uliko aliyetaka ubebe mizizi kilo zote zile, naye namshuku. Vibali vipo, umenionyesha, sawa. Lakini mtu anayeusubiri mzizi kwa hamu hivyo, atafurahi ukimletea habari kwamba haufai? Jiangalie usije ukaona unachotaka kukiona kwa sababu kuna mzee anasubiri nyuma yako. Na usije ukamwonyesha mgonjwa picha tena. Mgonjwa haoni picha, anaona mlango.

Ninachokuomba si kigumu kukisema, ila najua kitakuuma. Usisubiri panya. Usisubiri mashine kubwa. Mpigie mama yako mdogo, yeye mwenyewe, siyo mie, useme kwa mdomo wako: mama mdogo, mdaa haufai kunywewa, sijui utafanya nini mwilini mwako, uache, rudi hospitali. Usimdanganye kwamba umemaliza kupima. Somoe ana sikio, atakushika. Mwambie ukweli kwamba bado, halafu umwambie bado maana yake usinywe. Yeye "bado" anaisikia kama "subiri kidogo". Mie pia niliisikia hivyo.

Akikuuliza, "Na kule mbele je, utafaa?" mwambie sijui. Hilo neno kwako ni tamu, nalipenda kuliko vigelegele vyangu vyote. Atakasirika. Pengine atasema umetumwa na mimi. Kubali, sema ndiyo, mama kanituma. Mie nitabeba kiapo changu nilichokizunguka, nitamlipa Mungu mwenyewe.

Na usijilaumu ukashindwa kusoma. Wewe ulisema yote. Mie ndiye niliyesikia nusu.

Naona Tatu ananiita, visheti vimekwisha kukaangwa, vilivyobaki. Na wewe nasikia sauti yako kona ya kwa Mama Neema, unacheka na Hamisi, kumbe foleni leo hakuna. Nakunja haraka.

Kliniki yake ni Jumanne. Kabla hatujatoka Jumanne asubuhi, Zai, nakuomba, hata ukiwa umechoka na safari, hata kama hujapata chumba, mpigie. Baibui lake nimeshalinyoosha, limetundikwa mlangoni, ananipita anajifanya halioni. Jumanne nitaamka alfajiri nivae, nikae kitandani kwake na kadi yake mkononi, simu yake nitakuwa nimeichaji nimeiweka katikati yetu, na sitamwambia tunasubiri nini.

Piga mwanangu. Piga upesi.

Mimi mama yako,
Mama Hamisi, Mbagala